Kubagua Rangi: Johannesburg na Historia ya Picha Sahihi

Mwezi wa Oktoba uliopita, mijakaranda ilipokuwa imechanua na kuzitandika barabara za Johannesburg kwa maua ya zambarau, sisi wanachama wa chama cha Kiswahili tulipiga picha yetu ya kufunga mwaka. Tulikuwa na simu mbili. Moja ilikuwa mpya, ya megapikseli 108. Ya pili ilikuwa ya zamani, ya megapikseli 12, kioo chake kimepasuka pembeni. Tulisimama kwenye ngazi, nusu yetu juani na nusu kivulini.

Tulipozitazama picha hizo mbili, ubishi ulizuka na haukuisha hadi chai ikapoa. Katika picha ya simu mpya, majani ya mti ulio nyuma yetu yalionekana jani kwa jani, lakini mwenzetu wa Juba, aliyesimama kivulini, alibaki meno na shati tu. Dada yetu wa Lamu naye alikuwa amepaushwa kama aliyepakwa unga. Simu ya zamani ilitoa picha yenye ukungu kidogo, ila kila mtu alijitambua.

Ubishi ule ndio chanzo cha makala hii. Mwanzoni tulidhani tunabishana juu ya bei za simu. Tulipoanza kusoma tukaona kwamba swali letu lina umri mkubwa kuliko simu zenyewe, na kwamba sehemu muhimu ya historia yake ilipita hapa hapa Johannesburg.

Mambo mawili yanayopimwa

Anayelinganisha kamera za kidijitali huangalia mambo mawili kabla ya mengine. La kwanza ni wingi wa pikseli, yaani vile vitone vidogo vinavyojenga picha. Vikiwa vingi, picha inaweza kukuzwa bila kufifia. La pili ni usahihi wa rangi: je, wekundu wa kanga iliyo pichani ndio wekundu wa kanga iliyo mkononi? Jambo la kwanza huandikwa kwenye boksi kwa tarakimu kubwa. La pili haliandikwi, na mnunuzi hulijua akishafika nyumbani.

Kwa Kiswahili tungeweza kusema kwamba kamera nzuri ni ile inayojua kubagua rangi, kwa kuwa kubagua, kwa asili yake, ni kutenga kitu na kingine. Lakini neno hilo halisemeki kwa wepesi katika mji huu. Mfumo ambao watawala wake waliuita apartheid, sisi tuliuita ubaguzi wa rangi, na serikali iliyouendesha nayo ilikuwa na kazi yake ya kupima rangi.

Serikali iliyopima kwa jicho

Sheria ya kuandikisha watu ya mwaka 1950 ilitaka kila mkazi wa Afrika Kusini aandikwe katika kundi la rangi. Chombo cha kupimia hakikuwepo. Ofisa alimtazama mtu, akauliza wenzake wanamhesabu kuwa nani, na mara nyingine akamchomeka kalamu kwenye nywele aone kama itaanguka au itabaki. Ndugu wa familia moja waliweza kuandikwa katika makundi mawili tofauti.

Mpigapicha Ernest Cole aliujua mchezo huo kutoka ndani. Alizaliwa akiitwa Kole, akabadilisha jina kuwa Cole, na akafaulu kuandikishwa upya katika kundi lililoitwa Coloured, yaani machotara. Kwa hati hiyo mpya aliweza kutembea mahali ambapo Mwafrika mwenye ngozi kama yake asingeruhusiwa. Picha alizopiga zilitoka mwaka 1967 katika kitabu chake House of Bondage, kilichochapishwa Marekani na kupigwa marufuku nyumbani kwake. Humo wanaonekana vijana wakikamatwa kwa sababu ya pasi.

Pasi yenyewe iliwekwa kwa sheria ya mwaka 1952. Mwafrika aliyefikisha umri wa miaka 16 alipaswa kutembea na kitabu chenye picha yake, alama za vidole, jina la mwajiri na ruhusa ya kuwapo mjini. Wananchi walikiita dompas, pasi ya kijinga. Wasomaji wetu wa Kenya watakumbuka kipande ambacho babu zao walilazimishwa kukivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kipande kile kilitegemea alama za vidole, na dompas iliongeza uso. Tarehe 21 Machi 1960 polisi waliwafyatulia risasi watu waliokusanyika kupinga pasi huko Sharpeville, kusini mwa Johannesburg. Watu 69 waliuawa.

Kwa hiyo, katika mji huu, picha ya uso haikuwa jambo la starehe tu. Iliamua nani alale nyumbani kwake na nani alale mahabusu.

Filamu iliyomjua Shirley

Wakati huo huo kulikuwa na Johannesburg nyingine ya picha. Jarida la Drum, lililoanzishwa mwaka 1951, lilikuza wapigapicha kama Bob Gosani na Peter Magubane chini ya Mjerumani Jürgen Schadeberg. Hao walipiga picha za nyeusi na nyeupe. Faida ya kazi hiyo ilikuwa kwamba fundi alibaki na usemi katika chumba cha giza. Akiona uso umezama kivulini aliweza kuukinga kwa kiganja wakati wa kusafisha picha, mwanga mdogo zaidi ukapita kwenye karatasi, na uso ukarudi.

Filamu ya rangi iliuondoa usemi huo mkononi mwa fundi. Ilisafishwa kwa mashine, na mashine ilihitaji kipimo. Kampuni ya Kodak iliwapelekea wasafishaji kadi yenye picha ya mwanamke Mzungu, na kadi hizo zikaitwa Shirley, kwa jina la mfanyakazi wa Kodak aliyekuwa wa kwanza kupigwa picha kwa ajili hiyo. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, mashine ilihesabiwa kuwa iko sawa. Kwa miaka mingi wanawake waliochukua nafasi yake nao walikuwa weupe.

Kuna atakayesema kwamba hilo ni suala la fizikia: ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, na filamu haina chuki na mtu. Ni kweli kwamba mwanga hurudi kidogo. Lakini filamu hutengenezwa na watu, nao huamua ione vizuri sehemu gani ya kiza na sehemu gani ya nuru. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba malalamiko yaliyosukuma mabadiliko katika miaka ya 1970 yalitoka kwa watengenezaji wa samani na wa chokoleti. Hao wa samani walitaka mbao nyeusi zitofautiane na mbao za kahawia, na hao wa chokoleti walitaka chokoleti ya maziwa isifanane na ile chungu. Kemia ikapatikana. Yaani fizikia ilikuwa inashindika siku zote. Kilichokosekana ni mteja mwenye sauti, na ngozi zetu hazikuhesabiwa kuwa mteja.

Kamera iliyotuona vizuri mno

Hadi hapa mtu angedhani kwamba dawa ni moja: kamera ijifunze kumwona mtu mweusi vizuri, na mambo yataisha. Kisa cha Polaroid kinatukataza kufika huko haraka.

Polaroid walikuwa na kamera iliyoitwa ID-2. Ilitoa picha mbili za rangi papo hapo, na ilitengenezwa kwa ajili ya vitambulisho. Nyuma yake ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi, na kwa flashi kali zaidi uso mweusi ulitoka ukiwa na kila alama yake. Kitufe kama hicho, katika studio ya mtaani, kingekuwa baraka. Mikononi mwa ofisi ya pasi, kilimfanya mtu asiweze kujificha.

Mwezi Oktoba 1970, mkemia Caroline Hunter na mpigapicha Ken Williams, Wamarekani weusi wawili waliofanya kazi makao makuu ya Polaroid huko Cambridge, Massachusetts, waliona kazini kielelezo cha kitambulisho cha idara ya madini ya Afrika Kusini. Walianzisha vuguvugu la wafanyakazi na kuitaka kampuni iondoke nchini humo. Walitoa wito wa kususia bidhaa za Polaroid, na mwaka 1971 Hunter alifukuzwa kazi.

Kampuni ilituma ujumbe wa wafanyakazi wake, weusi na weupe, kuja kujionea. Januari 1971 ilitangaza magazetini kwamba itafanya majaribio: itaendelea kuuza bidhaa Afrika Kusini lakini si kwa serikali, na wakala wake hapa, kampuni ya Frank & Hirsch, ataboresha mishahara ya wafanyakazi weusi. Majaribio hayo yalidumu hadi Novemba 1977. Indrus Naidoo, aliyewahi kufungwa kisiwani Robben na baadaye akaajiriwa na Frank & Hirsch, alivujisha hati za mauzo zilizoonyesha kwamba bidhaa ziliendelea kuifikia serikali kwa siri. Habari ilipochapishwa katika gazeti la Boston Globe, Polaroid ilikatisha uhusiano na wakala huyo na kuondoka nchini.

Tunakirudia kisa hiki kwa undani kwa sababu kinageuza swali letu. Filamu ya Kodak ilishindwa kutuona. Kamera ya Polaroid ilituona barabara. Yote mawili yalitudhuru, kwa kuwa katika yote mawili aliyepigwa picha hakuulizwa anataka nini.

Mwaka 1976

Mwaka 1976 una mambo yaliyotushangaza tulipoyaweka kwenye mstari mmoja. Tarehe 5 Januari Afrika Kusini ilizindua televisheni yake, tena ya rangi. Serikali ilikuwa imeiogopa kwa miaka mingi. Zanzibar, kisiwa kidogo mno ukilinganisha, ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka hiyo ya 1970.

Mwaka huo huo tume ya kimataifa ya mwanga, CIE, ilipitisha mfumo wa kueleza rangi kwa namba tatu. Tofauti kati ya rangi mbili ikaweza kuandikwa kwa tarakimu: tofauti ya 1 ni ndogo kiasi cha jicho kutoiona kwa urahisi, tofauti ya 10 huonekana na yeyote. Huko Marekani kampuni ya Macbeth ilitoa kadi ya miraba 24 ya rangi ambayo wapima kamera wanaitumia hadi leo. Na mwezi Julai Bryce Bayer wa Kodak alipata hataza ya kichujio cha rangi ambacho kipo ndani ya kamera nyingi mno za kidijitali, zikiwemo simu zetu mbili.

Katikati ya hayo ilikuja tarehe 16 Juni. Wanafunzi wa Soweto waliandamana kukataa kufundishwa kwa Kiafrikana, lugha ambayo hawakuichagua. Sam Nzima wa gazeti la The World alimpiga picha Mbuyisa Makhubo akimkimbiza Hector Pieterson aliyepigwa risasi, dada yake Hector, Antoinette, akikimbia kando yao. Nzima aliificha filamu kwenye soksi ili polisi wasiichukue. Picha ile haina rangi hata moja. Ilizunguka dunia nzima, na yeye mwenyewe ikamgharimu kazi yake na makazi yake Johannesburg.

Sisi ni chama cha lugha, na si rahisi kwetu kuipita tarehe hiyo. Kila tunapoongea habari za picha sahihi, tunakumbuka kwamba moja ya picha za kweli kuliko zote zilizowahi kupigwa katika mji huu isingepata alama yoyote katika mtihani wa rangi.

Ndani ya simu zetu

Turudi sasa kwenye ngazi na simu mbili. Kamera ya kwanza ya kidijitali ya kubebeka ilitengenezwa na Steven Sasson wa Kodak mwaka 1975. Ilikuwa na pikseli 100 kwa 100, yaani 10,000, na ilitumia sekunde 23 kuhifadhi picha moja ya nyeusi na nyeupe kwenye kaseti. Simu yetu mpya ina pikseli milioni 108, mara 10,800 ya kamera ile. Hakuna anayeweza kuidharau safari hiyo.

Lakini pikseli yenyewe haijui rangi. Huhesabu mwanga tu. Kichujio cha Bayer huweka juu ya kila pikseli kioo cha rangi moja: nusu ya pikseli hupata kijani, robo nyekundu na robo bluu. Rangi mbili zinazokosekana katika kila pikseli hukisiwa na programu kwa kutazama majirani. Kwa hiyo theluthi mbili ya habari za rangi katika picha ya kawaida ya simu hazikupimwa. Zimekisiwa, na kila mkisiaji ana mazoea yake.

Jambo la pili ni ukubwa wa pikseli. Ukizigawa pikseli nyingi kwenye kihisi kidogo, kila moja hupata mwanga kidogo. Kivulini, mahali ambapo mwenzetu wa Juba alisimama, mwanga huo hauzidi sana chembechembe za kelele za umeme, na programu ikizifuta chembechembe hizo hufuta na uso. Ndiyo maana baadhi ya simu za megapikseli 108 huunganisha pikseli tisa kuwa moja, na picha inayotoka huwa ya megapikseli 12. Tulicheka tulipofika hapo. Tarakimu iliyotufanya tubishane ilikuwa sawa na ile ya simu iliyopasuka kioo.

Jambo la tatu ni kadi ya miraba 24. Miraba miwili tu kati ya hiyo inawakilisha ngozi ya binadamu, mmoja mweupe na mmoja wa kahawia, na huo wa kahawia ni mwepesi kuliko wengi wetu. Mpimaji huchukua makosa ya miraba yote na kutoa wastani. Kamera inaweza kupata wastani mzuri huku ikikosea vibaya mraba mmoja, na mraba huo ukawa ndio wewe. Wastani si uongo, lakini swali la nani amewekwa ndani ya wastani linakuja kabla ya hesabu.

Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walilionyesha hilo kwa namba. Walikusanya picha za wabunge wa Rwanda, Senegal na Afrika Kusini, na za wabunge wa nchi tatu za Ulaya ya kaskazini, wakazipitisha katika programu tatu za kibiashara zinazobashiri jinsia kwa kutazama uso. Kwa wanaume weupe kosa kubwa kabisa lilikuwa asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7. Kabla ya hapo programu hizo zilikuwa zimesifiwa kwa wastani wake.

Mabadiliko yamekuwepo. Mwaka 2021 Google ilizindua simu ya Pixel 6 ikiwa na utaratibu wa kupiga ngozi nyeusi kwa uaminifu zaidi, na mwaka uliofuata ikatoa kipimo cha ngozi chenye ngazi 10, kilichobuniwa na mwanasosholojia Ellis Monk. Kadi ya Shirley imepata warithi wengi zaidi.

Nani ameshika kamera

Hapa Johannesburg, hata hivyo, watu hawakungoja kampuni. Mwaka 1989, pasi zikiwa zimefutwa miaka mitatu tu kabla, David Goldblatt alianzisha shule ya upigaji picha, Market Photo Workshop, mtaa wa Newtown, ili vijana waliofungiwa milango mingine wajifunze. Goldblatt mwenyewe aliona rangi ni tamu mno kwa kazi yake ya miaka ya ubaguzi, akaigeukia baadaye. Katika shule hiyo alipita Zanele Muholi, ambaye katika mfululizo wa picha wa Somnyama Ngonyama hujipiga mwenyewe na kuifanya ngozi yake iwe nyeusi zaidi ya ilivyo. Kwa kipimo cha maabara hilo ni kosa la rangi. Kwa Muholi ni uamuzi, na anayeamua ndiye anayeonekana.

Sisi tuna sababu yetu ya kujali. Katika jengo moja tunaloingia kila siku, lango hufunguka kwa kusoma uso. Mwenzetu wa Juba husomwa mara ya tatu au ya nne, na usiku, taa zikiwa hafifu, hutusubiri nje mpaka mmoja wetu apite. Tunataka lango limwone. Tulipokaa kuandika makala hii yeye mwenyewe ndiye aliyeongeza: likishaniona vizuri, uso wangu utawekwa wapi, na nani atautazama? Hatukuwa na jibu, na tumekubaliana kuliuliza swali hilo kwa maandishi kabla ya muhula kuisha.

Kwa wanaonunua simu mwaka huu, tunapendekeza jaribio dogo lisilo na gharama. Mweke mwenzako mweusi kuliko wote na mweupe kuliko wote katika fremu moja, karibu na dirisha, bila flashi na bila programu ya kupamba uso. Kisha waulize wao wawili, mmoja mmoja, kama wamejitambua. Sisi tutafanya hivyo kwenye ngazi zile zile Oktoba hii, na safari hii mwenzetu wa Juba ndiye atakayechagua pa kusimama.